Nani Aliita Batian "Batian"?

Wasee, tuanze na hesabu ndogo. Mlima mrefu kuliko yote kule Antaktika, lile bara la barafu kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, unaitwa Vinson na una mita 4,892. Point Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya ambacho binamu yako alipiga selfi akiwa amevaa kofia ya kuazima, kina mita 4,985. Yaani kilele chetu namba tatu, kile cha watu wa kutembea tu bila kamba, kinapita Antaktika nzima kwa mita 93. Na bado tuko na Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ambazo bila kamba na roho ngumu huziguzi.

Nimeanza na Antaktika kwa sababu. Hii wiki nimekuwa nikisoma jinsi milima ya kule ilivyopata majina, na kusema ukweli ni kama mchezo. Vinson ni Carl Vinson, mbunge wa Marekani kutoka Georgia aliyesaidia serikali yao kutoa pesa za utafiti wa huko. Mzee wa siasa amepewa mlima mrefu kuliko yote barani. Halafu kuna volkeno inaitwa Erebus. Mwaka 1841 nahodha Mwingereza James Clark Ross alifika huko na meli mbili, moja Erebus, nyingine Terror. Akaona milima miwili, mmoja unatoa moshi. Akaipa majina ya meli zake, kwisha. Ni kama mimi nifike mahali nikiwa nimepanda matatu halafu niite kilima jina lililoandikwa kwenye kioo cha nyuma.

Na sina shida na Ross. Hakukuwa na mtu. Hakuna kijiji kilichoamka asubuhi kikasikia mlima wake umeitwa meli. Pengwini hawakulalamika.

Shida yangu inaanza pale mtindo huo huo, wa kufika, kuangalia juu na kugawa majina, ulipoletwa kwenye mlima uliokuwa umezungukwa na watu pande zote. Watu wanaolima, wanaochunga, wanaoomba Mungu wakiuangalia. Na shida ya pili, hii ndiyo nataka tukae nayo leo, ni kwamba majina yaliyogawiwa Mlima Kenya yanakaa ya kwetu. Batian. Nelion. Lenana. Ukiyasikia unatulia. Unasema, "Angalau hao hawakuuita Victoria." Unaendelea kuskrol.

Sasa ebu tusiskrol.

Turudi nyuma kidogo. Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa Ukambani, Kitui, mgeni wa mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, Kivoi. Tarehe 3 akauona mlima kwa mbali, na kitu cheupe juu. Wakamba walikuwa na jina lao, Kiinyaa, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba linatokana na mbuni: dume la mbuni ni jeusi lenye manyoya meupe, na mlima ni mwamba mweusi wenye mabaka meupe. Nyeri na Kirinyaga wanaita Kirinyaga, makao ya Ngai. Embu ni Kirinyaa. Meru ni Kirimara. Wamaasai walikuwa na Ol Doinyo Keri, mlima wenye madoa, na Krapf pia alisikia Ol Doinyo Eibor, mlima mweupe. Angalia vizuri hizo lugha. Hazikukaa kikao pamoja, lakini nyingi zimefika mahali pamoja: zinakuambia kitu unachokiona. Cheupe juu ya cheusi. Ukipotea njiani na mtu akuambie "nenda upande wa mlima wenye madoa", utafika.

Krapf alipoandika Ulaya kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, kuna wasomi walimcheka. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 1848, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameona Kilimanjaro, na yeye pia akachekwa. Maarufu zaidi kati ya wabishi alikuwa William Desborough Cooley, aliyekuwa akichora ramani za Afrika akiwa London. Mtu yuko London anawaambia walio Kitui kwamba macho yao yanadanganya. Ikabidi kungoja hadi 1883, Joseph Thomson alipopita Laikipia na kuuona mlima kwa karibu, ndipo ubishi ukaisha. Wakamba, nadhani, hawakujua kama kulikuwa na ubishi.

Na hilo tamshi la Kikamba lililopindishwa na masikio ya Mjerumani ndilo lilikuja kuwa jina la koloni mwaka 1920, na leo liko kwenye pasipoti yako. Sisi wote, hata wa Eldoret, hata wa Lamu, tunaitwa jina la mlima ulioonekana kutoka Kitui. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mhusika wetu mkuu ni Halford Mackinder. Ukiwahi kusoma siasa ya dunia chuoni umekutana naye: ndiye yule wa nadharia kwamba anayeshika katikati ya Ulaya na Asia ameshika dunia. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini huyu nilimfikia, asanteni.) Kabla ya nadharia hiyo, alikuwa mwalimu wa jiografia Oxford mwenye shida moja: enzi hizo, mwanajiografia ambaye hajapanda kitu au kuvuka jangwa alionekana ni wa darasani tu. Alihitaji mlima. Kilimanjaro tayari kilikuwa kimepandwa na Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889, naye akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Na Mackinder alikuwa na wasiwasi kwamba Meyer huyo huyo anautazama Mlima Kenya. Kwa hivyo 1899, akiwa na miaka 38, akaja mbio.

Alifikia Nairobi ambayo haikuwa hata mji. Reli ilikuwa imefika hapo tarehe 30 Mei mwaka huo, kukawa na mahema na matope. Mwisho wa Julai akaondoka na msafara. Shika hizi namba kwa sababu nitazirudia: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia, Wakikuyu 96. Jumla 170.

Na angalia mwaka. Kati ya 1898 na 1900 nchi ile ya kati ilikuwa kwenye njaa kali, moja ya mbaya zaidi kukumbukwa, na ndui ikaja juu yake. Katikati ya hiyo njaa anapita mtu na midomo 170 ya kulisha, anatafuta chakula cha kununua, kwa sababu anataka kupanda mlima. Waliotumwa kutafuta chakula walishambuliwa, na Waswahili wawili wakauawa. Halafu kuna jambo zito zaidi. Wasomi waliofukua karatasi za msafara huo, akiwemo Gerry Kearns, wameandika kuhusu wapagazi wanane wanaosemekana kupigwa risasi kwa amri. Ubishi wa nini hasa kilitokea haujaisha mpaka leo. Mackinder mwenyewe hakuwahi kuitoa shajara yake kama kitabu. Alikufa 1947, shajara ikachapishwa 1991. Miaka 44 baadaye.

Tarehe 13 Septemba 1899 alisimama kileleni na watu wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, waongoza njia kutoka Courmayeur, milimani Italia. Kileleni ndipo ikaja kazi ya kugawa majina.

Hapa ndipo kwa kweli niliacha kila kitu nikakaa chini kusoma. Mackinder hakuchukua jina la malkia. Alichukua majina ya familia moja ya Kimaasai. Inaelezwa kwamba pendekezo lilitoka kwa Sidney Langford Hinde, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akisimamia mambo ya Wamaasai. Kilele kirefu: Mbatian, laibon mkuu, kiongozi wa ibada na mwonaji, aliyekuwa amekufa karibu miaka kumi kabla. Cha pili: Nelieng, ndugu yake. Cha tatu: Olonana, mwanawe. Na kule pembeni, kaskazini mashariki, chini zaidi, mita 4,704: Sendeyo, mwanawe mwingine. Mbatian akapoteza M akawa Batian, Nelieng akawa Nelion, Olonana akawa Lenana. Kama karani aliyekuandikia kitambulisho vibaya ukaamua kuishi hivyo.

Ukimuuliza kijana wa Nairobi Lenana ni nani, atakuambia ni shule. Na kweli ni shule, zamani iliitwa Duke of York. Pia ni barabara. Mtu mwenyewe amepotea katikati ya shule, barabara na kilele.

Mtu mwenyewe ni hivi. Masimulizi ya Kimaasai yanasema Mbatian, mzee na karibu kufa, alimwambia Sendeyo aje asubuhi mapema apewe vifaa vya ulaibon. Olonana akasikia. Akaja yeye kwanza, gizani, akachukua. Kama umesoma Mwanzo unajua hadithi ya Yakobo na Esau. Ni kama zimenakiliana. Kama ilitokea hivyo au ni watu wa Sendeyo walioieneza, siwezi kukuamulia, lakini vita vilivyofuata ni vya kweli. Wamaasai walikuwa tayari wameumizwa na ugonjwa uliomaliza ng'ombe, ndui na njaa, halafu wakagawanyika kati ya ndugu wawili. Sendeyo akawa upande wa Loita, kwenye eneo la Wajerumani. Olonana akasogea karibu na Waingereza. Mwaka 1902 Sendeyo akasalimu amri.

Sasa rudi uangalie mlima. Mackinder anagawa majina 1899, vita bado havijaisha. Olonana, rafiki wa Waingereza, anapata mita 4,985, hapo katikati karibu na baba na babake mdogo. Sendeyo anapata mita 4,704, pembeni. Sijui kama walikusudia kuchora mgogoro wa familia kwenye mwamba, lakini ukitaka kujua mwaka ule serikali ilikuwa inaungana na nani, angalia tu nani ana kilele kizuri.

Halafu kuna hii, na hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mlima Kenya upande wa kaskazini magharibi unaangalia Laikipia. Agosti 1904, miaka mitano baada ya kilele kupewa jina lake, Olonana pamoja na viongozi wengine waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali. Wamaasai watoke Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru, walowezi waingie. Wao wapewe maeneo mawili: moja kusini, moja Laikipia. Na maneno ya mkataba ni kwamba maeneo hayo yangekuwa yao kwa muda wote ambao Wamaasai kama watu watakuwepo duniani.

Ilidumu chini ya miaka saba. Machi 1911 Olonana akafa. Maafisa wakatangaza kwamba kabla ya kufa alisema watu wake wahame Laikipia. Aprili mkataba mpya ukawekwa alama. Watu na mifugo wakasukumwa kusini, na wengi, watu na ng'ombe, hawakufika. Wakaenda mahakamani, fikiria, 1912 na 1913, watu wa rungu na mkuki wakaajiri mawakili. Kesi ikatupwa. Sababu: mkataba ule ni kama wa mataifa mawili, kwa hivyo mahakama ya koloni haina mamlaka ya kuuamua. Siku ya kusaini wewe ni taifa, siku ya kuhamishwa wewe ni raia wa kusukumwa. Hiyo lojiki hata mimi niliyeacha chuo naona haipandi.

Kwa hivyo ukisimama Lenana saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza, umeganda vidole, na ukageuza shingo kuangalia Laikipia, unasimama kwenye jina la mtu huku ukiangalia ardhi ambayo watu wake waliondolewa, na jina lake likatumiwa kuwaondoa. Jina lilibaki juu. Watu walishushwa. Na kwa sababu jina ni la Kimaasai, msomaji wa ramani anadhani Wamaasai waliheshimiwa.

Lakini ngoja, ni ngumu zaidi ya hapo, na sipendi kuandika stori ambazo kila mtu mweusi ni malaika. Laikipia yenyewe ni jina la watu: Ilaikipiak, Maasai wengine. Miaka ya 1870, enzi za Mbatian, Wapurko na washirika wao waliwavunja Ilaikipiak vitani mpaka wakaacha kuwa kundi. Mbatian ndiye aliyekuwa laibon wa washindi. Kwa hivyo hata bila Mwingereza, jina la Mbatian juu ya Laikipia lina damu yake. Kama kuna Mlaikipiak alibaki mahali akichunga ng'ombe za mtu mwingine, na mtu akamwambia, "Ule mlima sasa unaitwa Mbatian," sidhani alishangilia.

Na sisi wa huku tusikae kama watazamaji. Mimi naandika hii nikiwa Chepkoilel, na kutoka hapa Mlima Kenya hauonekani hata ukipanda juu ya tangi la maji. Lakini hebu angalia tunapoishi. Kaunti: Uasin Gishu. Hilo ni jina la kundi la Maasai waliokuwa wakichunga kwenye uwanda huu na wakatawanywa vitani kabla Mzungu hajaweka hema. Mji: Eldoret, kutoka neno la Kimaasai eldore, mto wa mawe, na t yetu ya Kinandi mwishoni. Kabla ya hapo walowezi waliuita 64, namba ya shamba ambapo posta ilifunguliwa 1910, na ndiyo maana wazee mpaka leo wanasema wanaenda Sisibo. Tumelala ndani ya majina ya watu ambao hawapo. Hatukuwahi kuandika barua ya kuomba ruhusa.

Chepkoilel ndilo la kwetu. Koi ni jiwe, lel ni nyeupe. Ni jina la aina ileile ya Kirimara na Ol Doinyo Eibor: mtu aliona mawe meupe akasema mawe meupe. Na hili jina limenifunza kitu kuhusu ramani. Pale chuoni palianza 1946 kama kituo cha kufunza wakulima wa mashamba makubwa, 1984 pakawa chuo cha walimu wa sayansi, 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua kama kampasi, 2010 pakawa chuo kikuu kishiriki cha Chepkoilel, na 2013 pakapewa cheti rasmi na jina jipya, Chuo Kikuu cha Eldoret. Ubao ukabadilishwa. Barua zikabadilishwa. Sasa simama stejini mjini, umsikilize kondakta. Anaita nini? "Chepkoilel! Chepkoilel, mbili imebaki!" Serikali ilichapisha jina moja, midomo ikaendelea na lingine.

Watu wa huku pia wana sababu ya karibu zaidi ya kumfuata Mbatian. Mapokeo yanasema ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiik wa Wanandi, ulitoka kwa malaibon wa Kimaasai. Tukikubali hivyo, Koitalel arap Samoei na Olonana ni kama watu wa mti mmoja, matawi ya mbali. Mmoja alikaa karibu na Waingereza, na kilele kikapewa jina lake akiwa hai. Mwingine alipigana nao miaka kumi, na tarehe 19 Oktoba 1905 akaitwa kwa mazungumzo ya amani na akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Watu wa umri wangu wanapenda kuuliza nani alikuwa msaliti na nani shujaa, na kwenye komenti mtaanza hivyo sasa hivi, najua. Mimi ninaloona ni kwamba aliyeshirikiana na aliyekataa, watu wa wote wawili walipoteza ardhi. Tofauti ni kilele.

Nilisema nitarudia namba. Watu 170, Wazungu 6. Kwenye Mlima Kenya kuna bonde la Mackinder, na kambi ya Mackinder. Kuna bonde la Hausburg, Mzungu mwenzake wa msafara huo. Kuna bonde la Teleki, Mhungaria aliyepita 1887. Mito ya barafu mingi ilipewa majina na John Walter Gregory, aliyefika 1893: Lewis ni Henry Carvill Lewis, mtaalamu wa barafu kutoka Marekani, Tyndall na Darwin unawajua au utawagugo. Hata wale waongoza njia wawili wa Italia, watu wa kulipwa mshahara kama wapagazi, walipata: mto wa barafu wa César na mto wa barafu wa Josef. Hapo Mackinder nampa haki yake, aliwakumbuka vibarua wake. Vibarua wa Courmayeur.

Waswahili 66 na Wakikuyu 96 ni watu 162. Waliobeba mahema, sufuria, kamera, unga. Waliotembea kwenye baridi ile bila viatu vya maana. Hakuna bonde, hakuna jiwe, hakuna hata kidimbwi chenye jina la mmoja wao. Na huwezi kusema majina yao hayakujulikana, kwa sababu msafara uliorodhesha wapagazi wake. Bila orodha ungelipaje? Majina yaliandikwa. Yalibaki kwenye daftari.

Msidhani ni Mlima Kenya peke yake. Ollier na Brocherel hao hao walikuja tena 1906 na mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, safari hii Rwenzori, mpaka wa Uganda na Kongo. Kilele kirefu huko, mita 5,109, kikaitwa Margherita, malkia wa Italia. Cha jirani, Alexandra, malkia wa Uingereza. Mlima wenyewe Stanley, halafu Speke, Baker, Emin, Gessi. Ukisoma ramani ya Rwenzori ni kama orodha ya waalikwa wa harusi ya watu usiowajua, kwenye nyumba ya Wakonzo. Angalau pale uporaji unaonekana wazi. Tanzania wao walibadilisha mapema: usiku wa uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda akawasha mwenge juu ya Kibo, na kilele cha Kaiser kikawa Uhuru.

Sisi Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera Point Lenana. Kilele kilibaki na jina lake. Na naelewa kwa nini hakuna aliyefikiria kulibadilisha. Kaiser anaonekana ni Kaiser. Lenana anaonekana ni wetu.

Kuna mtu wa Nyeri nilibishana naye juu ya hili, rafiki yangu wa siku nyingi, akaniambia, "Wewe unataka tuite Kirinyaga moja, Kirinyaga mbili?" Hapana buda. Kirinyaga ni mlima mzima, na kwa ninavyoelewa mtu anayeamini Ngai anakaa pale hana haja ya kumgawia vyumba. Hiyo tabia ya kila ncha ya mwamba kuwa na jina la mtu ni ya wapandaji na wachora ramani. Wanaoishi chini walihitaji kujua mlima uko wapi, mvua inatoka upande gani, na waelekee wapi wakiomba. Ncha ya pili iliyo fupi kwa mita 11 kuliko ya kwanza ilikuwa na kazi gani kwao?

Na muda unabadilisha mambo. Yale madoa yanaisha. Ukilinganisha 1934 na 2010, mto wa barafu wa Lewis ulikuwa umepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Ule uliobeba jina la Gregory mwenyewe umeyeyuka. Mingine imebaki vipande vya kuhesabu vidoleni. Mtoto atakayezaliwa Meru mwaka huu huenda akakua akiuona Kirimara mwamba mtupu, na ikabidi aelezwe kwa nini babu zake waliuona mweupe. Majina yaliyotolewa kwa kuangalia yataanza kuhitaji maelezo. Lewis halihitaji barafu; lilikuwa la mtu tangu mwanzo. Litabaki kwenye ramani likielekeza mahali ambapo hakuna kitu.

Kwa hivyo najua swali lenu: tubadilishe ama tusibadilishe? Mimi singegusa Batian. Ukilifuta, utafuta njia ya pekee ambayo kijana wa leo anaweza kuifuata mpaka Mbatian, mpaka ndugu wawili, mpaka Laikipia, mpaka kesi iliyotupwa. Wacha likae, lakini liandikwe Mbatian, liandikwe Olonana, kama wenyewe wanavyosema. Pale juu Lenana kuna ubao mdogo ambao kila mtu anapiga nao picha, umeandikwa jina na urefu. Una nafasi tupu upande wa nyuma. Mimi ningeanza na orodha ya wale 162, kwa maandishi madogo kama ikibidi, na mstari mmoja wa mkataba wa 1904, ule wa "muda wote watakapokuwepo". Mwenye kutaka selfi ageuze ubao.